Walikuwa na Kibali, Hawakupiga Hodi: Kisa cha Wanaojitolea wa North Branch, Chicago

Tarehe 24 Septemba 1996, John Stroger, rais wa bodi ya Kaunti ya Cook katika jimbo la Illinois, Marekani, alisimamisha kazi zote za kurejesha uoto wa asili katika hifadhi za misitu za kaunti hiyo, ambayo ndiyo yenye jiji la Chicago. Waliosimamishwa hawakuwa wapasua mbao wala wajenzi wa maghorofa. Walikuwa watu wa kujitolea, waliozoea kutoka majumbani mwao Jumapili asubuhi na misumeno ya mkono na mifuko ya mbegu kwenda kufanya kazi isiyo na malipo. Walikuwa wameifanya kwa miaka 19. Na walioshangilia amri ile nao walijiita watetezi wa asili.

Kisa hiki hunijia kila ninapokaa na kikundi cha mazingira kilichojaa ari. Kina kila kitu: mimea adimu, moto, sumu, magazeti, siasa za kaunti, na majirani waliokasirika. Tena hakina mwovu. Ukimtafuta mwovu utachoka, na pengine ndiyo maana kinafundisha kuliko visa vya majangili, ambavyo mtu anajua tangu mstari wa kwanza ampigie nani makofi.

Nchi iliyolimwa ikaisha

Illinois hujiita Jimbo la Prari. Prari ni mbuga za nyasi ndefu za katikati ya Amerika ya Kaskazini, na msomaji aliyepita Serengeti au Athi ana pa kuanzia, ingawa mfano hauendi mbali. Mbugani kwetu jicho linakimbilia wanyama. Prari mali yake ni mimea. Ndani ya kipande kidogo kilichobaki salama utakuta mamia ya aina za mimea, mingi ikiwa ya maua, yenye mizizi inayoshuka ardhini mita kadhaa. Upo mmoja wa jamii ya alizeti, Silphium laciniatum, ambao majani yake ya chini husimama wima yakielekeza kingo zake kaskazini na kusini, hivyo wasafiri wa zamani wakaufanya dira.

Mwanzoni mwa karne ya 19 jimbo lile lilikuwa na prari ya ekari zipatazo milioni 22. Mizizi ile mirefu ilikuwa imetengeneza udongo mweusi wenye rutuba isiyo na mfano, na udongo huo ndio ulioiponza. Jembe la mbao na chuma cha kawaida lilinata humo. Mkulima alisimama kila hatua chache kulikwangua. Mwaka 1837, kijijini Grand Detour, mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma cha feleji kilichong'arishwa, udongo ukateleza. Baada ya hapo ni mahindi tu. Serikali ya jimbo ilipofanya sensa ya maeneo ya asili kati ya 1975 na 1978, prari yenye ubora wa kweli iliyobaki ilikuwa ekari zipatazo 2,300. Ekari moja kwa kila elfu kumi.

Iliyobaki ilibaki mahali pa ajabu. Robert Betz, profesa wa chuo kikuu kimoja cha Chicago, alizunguka akiitafuta kwenye makaburi ya walowezi wa kwanza na kando ya reli, kwa sababu hapo plau haikuwahi kupita. Fikiria hilo kidogo: uoto uliowahi kufunika nchi nzima unatafutwa katikati ya mawe ya kaburi. Mwaka 1975 Betz aliwashawishi wanafizikia wa maabara ya Fermilab, magharibi mwa Chicago, wamwachie ardhi iliyo ndani ya pete ya mtambo wao mkubwa apande prari upya. Inasimuliwa kwamba aliwaambia kazi ingeweza kuchukua miaka 30 au zaidi, na mkurugenzi wa maabara akajibu kwamba basi heri waanze mchana huohuo.

Mtu mwenye baiskeli

Steve Packard hakuwa mtaalamu wa mimea wa kusomea. Alikuwa mwanaharakati. Alikuwa akiendesha baiskeli kando ya tawi la kaskazini la Mto Chicago, ndani ya hifadhi za kaunti, na akawa anasimama kwenye vipande vya uwazi vilivyosongwa na vichaka ili atazame maua. Akagundua kwamba vipande vile vilikuwa mabaki ya prari, na kwamba vichaka vilikuwa vinavimaliza mwaka hadi mwaka. Mwaka 1977 aliomba ruhusa kwa wasimamizi wa hifadhi, akapewa, akakusanya watu. Kikundi kikajulikana kwa jina la mto: North Branch.

Neno "ruhusa" lishike. Tutalihitaji.

Kazi ilikuwa ya aina mbili. Kipupwe walikata vichaka na kuvichoma kwa mafungu juu ya theluji. Kuanzia kiangazi hadi majira ya majani kupukutika walikusanya mbegu: kando ya reli, makaburini, kwenye vijisehemu vilivyokuwa karibu kujengwa. Mbegu zilipurwa, zikachekechwa, zikachanganywa kulingana na mahali zitakapokwenda, nyingine za ardhi yenye maji, nyingine za mwinuko mkavu. Wataalamu waliotangulia walikuwa wakilima kwanza ndipo wapande. Packard na wenzake walitupa mbegu humohumo ndani ya nyasi zilizopo, wakaacha moto na miaka vifanye palizi. Wengi waliona ni upuuzi. Katika maeneo ya wazi mbegu zilishika.

Napenda kueleza walivyojifunza, maana hapa ndipo wanapokuwa wakubwa machoni pangu. Mtu anakuja mara ya kwanza hajui nyasi moja na nyingine. Anapewa mfuko na kuonyeshwa mmea mmoja: leo wewe kusanya huu. Baada ya misimu mitatu anajua mimea hamsini, anajua ipi huiva kabla ya mvua za Septemba, anajua kwamba mbegu ya mmea fulani ikikauka mfukoni imekufa. Katibu muhtasi wa wiki nzima, Jumapili anakuwa mtu anayeulizwa na profesa.

Kitendawili cha chini ya mialoni

Kulikuwa na mahali mbegu zilipogoma. Huko Somme, kitongojini Northbrook, kaskazini mwa Chicago, kulikuwa na mialoni mikubwa iliyotapanya matawi upande kwa upande. Mti uliokulia msituni huinuka juu kutafuta mwanga. Unaotapanya matawi ulikulia penye nafasi. Kwa hiyo mialoni ile ilishuhudia kwa umbo lake kwamba zamani palikuwa wazi. Wakakata vichaka chini yake, wakamwaga mbegu za prari. Badala yake zikaota mbigili na magugu.

Lakini katikati ya magugu kulikuwa na mimea michache isiyo ya kawaida iliyostawi penye kivuli cha nusu, mimea ambayo vitabu viliiona kama vipotevu, visivyo vya prari wala vya msitu. Packard akaanza kuiandika. Kisha akapata orodha ya daktari mmoja wa mji wa Augusta, Illinois, aliyeitwa Mead, iliyochapishwa mwaka 1846 katika gazeti la wakulima. Mead alikuwa ameorodhesha mimea ya eneo lake na kuiwekea kila mmoja alama ya mahali unapoota. Alama mojawapo ilikuwa ya nchi ambayo walowezi waliita kame: miti iliyotawanyika na nyasi chini yake. Mimea 108 ilikuwa na alama hiyo. Ile ya vipotevu ya Packard ilikuwemo.

Walichokuwa wanakiona si prari iliyoharibika wala msitu uliodumaa. Kilikuwa savana, uoto wa tatu ambao ulikuwa umepotea kabisa hata watu wakasahau kwamba uliwahi kuwapo. Wakakusanya mbegu za orodha ya daktari, wakazimwaga chini ya mialoni, na safari hii zikashika. Mwaka 1988 Packard aliandika makala kueleza ugunduzi huo. Kwetu sisi savana ni jambo la kuona dirishani kwenye basi. Kule ilibidi ifufuliwe kwa karatasi ya miaka 140.

Si wote waliokubali. Mwaka 1992 mwanaikolojia Jon Mendelson na wenzake waliandika kwamba wanaojitolea walikuwa wanaukatakata msitu uliopo kwa ajili ya nchi ya kuwaziwa. Kwamba msitu ule, uwe ulianza vipi, sasa ni kitu hai chenye mwendo wake. Naitaja hoja hii kwa sababu baadaye watu walisimulia kana kwamba upande mmoja ulikuwa na sayansi na mwingine una machozi tu. Haikuwa hivyo. Miaka minne kabla ya amri, mtaalamu alikuwa ameshasema kwa upole kile ambacho majirani wangekuja kukisema kwa kelele.

Moto, msumeno na dawa

Ili kuelewa hasira iliyofuata ni lazima uone kazi hii kwa macho ya mpita njia asiyejua chochote.

Anaona kwanza mti ukikatwa. Mara nyingi ni bakthoni, mti mdogo ulioletwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 kwa ajili ya ua wa nyumba. Ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu. Hutoa majani mapema kuliko miti ya wenyeji na kuyaangusha mwisho, kwa hiyo chini yake ni giza karibu msimu wote wa kuota, na katika giza hilo hata mche wa mwaloni haupandi. Kwa wasomaji wa Baringo na Tana River niseme tu: mathenge, ule mti wa miiba. Kitu kilichopandwa kwa nia njema, kikakataa kukaa mahali pake. Sensa ya miti ya mwaka 2010 katika eneo la Chicago iliikuta bakthoni ikiwa zaidi ya robo ya miti yote.

Mpita njia hajui hayo. Anaona kijani kibichi, na katikati ya jiji kijani kibichi ni kijani kibichi.

Halafu anaona mtu anapaka dawa kwenye kisiki. Bakthoni ikikatwa bila dawa huchipua vijiti kumi mahali pa kimoja. Lakini dawa ya kuua mimea ni sumu kwa jina lake, na watoto wanacheza karibu.

Halafu anaona moto. Watu waliovaa nguo za njano, wenye mabomba ya maji mgongoni na vipigio vya mpira, wanawasha nyasi kwa makusudi. Hawa wamesomea kazi hiyo: wanapima upepo na unyevu wa hewa, wanakata njia ya kuzuia moto, wanaijulisha zimamoto. Mimea ya prari haidhuriki kwa sababu chipukizi lake liko chini ya udongo, na mwaloni wa pale una gome nene kama ubao. Kabla ya mwaka 1833, mkataba wa Chicago ulipowang'oa Wapotawatomi kwenye ardhi yao, wenyeji walikuwa wakiichoma nchi ile tangu enzi na enzi, na moto ndio ulioizuia kuwa kichaka. Mfugaji wa Kimasai angeelewa mara moja. Mtu wa kitongoji cha Chicago, aliyelelewa na mabango ya serikali yanayomwonya kwamba moto ni adui wa msitu, ataelewaje?

Na mwisho anaona miti mikubwa kiasi iliyovuliwa gome kuizunguka shina na kuachwa ife imesimama. Hii, nadhani, ndiyo iliyovunja mioyo. Mti uliokatwa unaondolewa, jicho linasahau. Mti unaokufa polepole mbele ya dirisha lako unaushuhudia kila asubuhi.

Kinyume chake, kile ambacho wanaojitolea walikuwa wanakiokoa hakionekani. Ua la sentimita ishirini linalochanua wiki mbili kwa mwaka. Nondo mmoja, Papaipema eryngii, ambaye kiwavi wake hula ndani ya shina na mzizi wa mmea wa aina moja tu. Nani atamwonea uchungu nondo asiyemwona?

Mwaka 1996

Moshi ulianzia kaunti ya jirani, DuPage. Mwezi Mei mwaka huo gazeti la Chicago Sun-Times lilichapa safu ya mwandishi wake Raymond Coffey, yenye kichwa kilichosema kwamba miti nusu milioni ingeweza kukatwa. Safu nyingine zikafuata. Wakazi waliopinga wakajiundia kikundi chenye jina lenye maana ya kuiachia asili iende njia yake. Mjadala ukavuka mpaka ukaingia Cook, hasa katika mitaa ya kaskazini-magharibi mwa Chicago inayopakana moja kwa moja na hifadhi, ambako nyumba ina ua wa nyuma na baada ya ua ni msitu.

Kejeli ya tarehe ni kwamba mwezi Aprili, wiki chache tu kabla, mashirika 34 yalikuwa yamezindua kwa sherehe muungano wa Chicago Wilderness: makumbusho, bustani za mimea, idara za serikali, vikundi vya kujitolea. Mkutano mkubwa, hotuba nzuri. Katika orodha ile ya 34 sioni mwenye ua wa nyuma.

Madai ya wapinzani yalikuwa mengi na hayakuwa na uzito sawa. Lile la miti nusu milioni lilihesabu miche na vichaka pamoja na miti, kwa hiyo lilitisha kuliko ukweli. La kulungu, kwamba wanauawa ili maua yasiliwe, lilikuwa na ukweli ndani yake, kwani kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamezidi na kaunti zilikuwa zinawapunguza kwa bunduki. Ila uamuzi huo haukuwa wa wanaojitolea. La sumu lilihitaji jibu la wazi na likapewa jibu la kitaalamu, jambo ambalo ni sawa na kutojibu.

Lakini dai moja halikuwa na jibu zuri hata kidogo: Nyinyi ni nani? Hifadhi ni za umma. Nyinyi hamkuchaguliwa, hamkuajiriwa, hamvai sare, na mmeshika msumeno. Mti huu nimeuona tangu utotoni. Nani aliwaambia muukate, na kwa nini mimi nimejua baada ya kuanguka?

Jibu la kisheria lilikuwapo. Sheria ya Illinois ya mwaka 1913 iliyoruhusu kuundwa kwa hifadhi hizi ilisema lengo ni kurejesha, kulinda na kuhifadhi misitu na ardhi hizo pamoja na mimea na wanyama wake, karibu iwezekanavyo na hali yake ya asili, kwa elimu, raha na burudani ya umma. Wanaojitolea walilikariri fungu hilo kama dua. Kibali cha ofisi walikuwa nacho tangu 1977. Na mtu akiwa na sheria mkononi na kibali mfukoni, rahisi sana asione haja ya kubisha mlango.

Nionavyo

Nitasema upande wangu ili msomaji aupime. Kuhusu mimea, naamini kina Packard walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kuiachia asili iende njia yake katikati ya jiji la mamilioni, baada ya kuondoa moto, kuondoa mbwa mwitu, na kuleta bakthoni, si kuiachia chochote. Ni kumwachia mvamizi nyumba na kusema ni yake. Mendelson nampa nusu ya hoja: msitu uliopo nao una haki ya kuangaliwa kabla ya kuhukumiwa. Lakini ardhi ile ya Somme ilitoa ushahidi wake yenyewe, mbegu za orodha ya Mead zilipoota.

Kuhusu amri ya kusimamisha, hapo nawatia lawama kina Packard wenyewe. Kwetu, hata mwenye nyumba akirudi nyumbani kwake mwenyewe usiku husema hodi, ili waliomo wasishtuke. Hodi haiombi ruhusa ya umiliki. Inasema: nipo, naingia, mimi ni mtu. Kikundi hiki kilikuwa na ruhusa ya ofisi lakini kwa miaka 19 hodi zake zilikuwa chache mno. Tangazo halikubandikwa mtini kabla haujakatwa. Jirani hakuambiwa siku ya moto. Aliyeuliza alipata somo la ikolojia, na wakati mwingine alipata tabasamu la mtu anayejua zaidi.

Na hapa pana jambo linalonigusa zaidi ya adabu. Kikundi kilichosifiwa kwa kugundua kwamba elimu ya kale ya daktari wa kijijini ina thamani, kwamba macho ya mtu asiye na shahada yanaona kile ambacho profesa hakioni, kilishindwa kuona kwamba bibi anayetembeza mbwa wake kila asubuhi kwenye njia ileile kwa miaka thelathini naye ana elimu ya mahali pale. Si elimu ya majina ya Kilatini. Anajua bundi analala wapi. Anajua njia inayojaa maji. Kama angepewa mfuko wa mbegu mwaka 1985, huenda mwaka 1996 angekuwa upande wa pili wa ukumbi.

Upo pia udhaifu wa kujitolea kwenyewe, ambao vikundi vyetu havipendi kuuzungumza. Nguvu ya mtu wa kujitolea ni kwamba hana bosi. Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kumpunguzia mshahara, kwa hiyo anafanya kazi kwa moyo. Lakini mambo yakiharibika, asiye na bosi hana pia mtu wa kusimama mbele yake. Ofisi ya hifadhi, iliyokuwa imefurahia miaka mingi ya kazi ya bure, ilipopigiwa kelele ilijikuta haina maelezo ya kutosha ya maandishi kuhusu nini kinafanyika wapi na kwa nini. Wanasiasa wakafanya kile ambacho wanasiasa hufanya wasipokuwa na karatasi: wakasimamisha kila kitu.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kukisoma kisa hiki polepole. Tumelelewa na "kata mti, panda mti". Tuna Karura, msitu ulioponea kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa kwa ajili yake. Mti kwetu ni alama ya upande wa haki, na alama ikishakaa hivyo, nyasi hazina wakili. Nenda Kinangop, Kenya, ukamtafute ndege wa nyasi anayeitwa kitaalamu Macronyx sharpei, asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Anahitaji nyasi fupi za nyanda za juu. Nyasi hizo zinageuzwa mashamba ya viazi na, ndiyo, mashamba ya miti. Kundi la wenyeji wanaojitolea, Marafiki wa Nyanda za Kinangop, limekuwa likimhesabu ndege huyo na kuzungumza na wenye mashamba, na wao hawana njia nyingine ila hodi, kwa sababu ardhi ni ya watu binafsi: ukiingia bila kubisha utakutana na mbwa. Sijui kama ni bahati mbaya au nzuri. Nadhani imewafundisha mapema kile ambacho North Branch walijifunza wamechelewa.

Baada ya amri

Amri ilianza kulegezwa mwaka 1997, sehemu kwa sehemu. Haikurudi kazi ya zamani ilivyokuwa. Mipango ya maandishi ikatakiwa kwa kila eneo, mashauriano na wakazi, masharti juu ya nani ashike chombo gani na kwa mafunzo gani. Katika mitaa ile ya kaskazini-magharibi, palipokuwa na upinzani mkali, baadhi ya maeneo yalikaa chini ya zuio kwa miaka mingi baadaye, na bakthoni haikusubiri. Waliokuwa wamesafisha kwa mikono yao walipita njiani wakaitazama ikirudi.

Baadhi waliacha, wakiwa wamechoka kuitwa wauaji wa miti. Waliobaki wakajishughulisha zaidi na kuhesabu. Tayari tangu 1987 Illinois ilikuwa na mtandao wa wanaojitolea wa kuhesabu vipepeo. Mwaka 2001 bustani ya mimea ya Chicago ilianzisha mpango wa watu wa kujitolea kufuatilia mimea adimu, kila mtu na kipande chake na fomu yake, mwaka baada ya mwaka. Kazi hii haina moto wala msumeno. Lakini ni karatasi ile iliyokosekana mwaka 1996: mtu akiuliza kazi yenu imezaa nini, kuna namba.

Mmoja wa mimea inayofuatiliwa ni okidi nyeupe yenye petali zilizochanika kama matamvua ya nguo, Platanthera leucophaea, ambayo serikali ya Marekani iliiweka katika orodha ya mimea iliyo hatarini mwaka 1989. Hutoa harufu jioni, kuwaita nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Nondo hao wamekuwa adimu, na pale ambapo okidi zimebaki chache na zimetengana, uchavushaji hauna uhakika. Kwa hiyo mwezi Julai wanaojitolea hupiga magoti kwenye nyasi wakiwa na vijiti vya kuchokonoa meno, wanatoa chavua ya ua moja na kuipeleka kwenye ua la mmea mwingine, kwa kibali cha maandishi. Baadaye huvuna mbegu, laini kama vumbi, na kuzitawanya penye kuvu wa udongoni anayefaa, maana bila yeye haziwezi kuota. Mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Wengine huuwekea kizimba cha waya kuzuia kulungu.

Huko Somme, karibu na siku fupi kuliko zote mwezi Desemba, hukoka moto mkubwa wa bakthoni zilizokatwa, na siku hizi tangazo hutangulia na majirani hualikwa. Wanakuja na watoto. Wapo bado wanaosema hadharani kwamba miti inakatwa mno, na baadhi yao huja kusimama karibu na moto kama wengine, kwa sababu ni baridi.